Kamera isiyolala: Jinsi wanyama wa Tsavo wanavyopigwa picha, na faida yake kwa mkulima wa Kambu

PICHA za ndovu wa Tsavo wenye pembe ndefu zinazokaribia kugusa ardhi zimezunguka ulimwengu mzima kupitia mtandao wa intaneti. Aliyeko London au Tokyo huenda amewahi kuziona na kustaajabu. Mkazi wa Kambu, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei katika Kaunti ya Makueni, huwafahamu ndovu kwa njia tofauti. Huwafahamu kwa sauti ya matawi yakivunjika usiku wa manane, na kwa nyayo pana kama sinia anazozikuta alfajiri katikati ya ndengu zilizobakisha siku chache kuvunwa.

Wa kwanza ana picha na hana hasara. Wa pili ana hasara na hana picha. Tofauti hiyo si jambo dogo, kwa kuwa anayedai fidia ya mimea iliyoliwa hutarajiwa kuonyesha kilicholiwa, kiasi chake na mnyama aliyekila. Teknolojia iliyozaa picha zinazosifiwa ugenini ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumfaa mkulima, mradi aelewe inavyofanya kazi, inapofaa na inapokwama.

Mahali penyewe ndipo panapoeleza kisa. Kusini magharibi mwa Kambu kuna Milima ya Chyulu, ambayo sehemu yake ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983. Kusini kuna Tsavo West na Hifadhi ya Ngai Ndethya, na upande wa mashariki, ng'ambo ya Mto Athi, ni Kitui. Tsavo ilitengwa kuwa mbuga mwaka 1948 na kugawanywa baadaye kuwa Mashariki na Magharibi, lakini ndovu hawakuarifiwa kuhusu mipaka hiyo. Sensa ya wanyamapori iliyofanywa nchini mwaka 2021 ilionyesha kuwa Kenya ilikuwa na ndovu 36,280, na karibu 15,000 kati yao walikuwa katika eneo pana la Tsavo. Hata hesabu hiyo hutegemea kamera: wahesabu walio angani wanapokuta kundi kubwa hulipiga picha, kisha hurudi kuwahesabu ndovu mmoja mmoja mezani, kwa utulivu.

Ndovu aliyeitwa malkia

Miongoni mwa picha za Tsavo zilizovuma zaidi ni zile za ndovu jike aliyejulikana kwa nambari ya utafiti F_MU1. Mwaka 2017, ukame ukiwa umekaza, mpiga picha Mwingereza Will Burrard-Lucas alimpiga picha ndovu huyo akishirikiana na shirika la Tsavo Trust na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mnyama huyo, aliyekadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alikuwa amekonda hadi mifupa ikahesabika, ila pembe zake zilifika chini kabisa. Muda mfupi baada ya kupigwa picha alikufa kifo cha kawaida, si kwa risasi wala mshale. Picha zilitolewa mwaka 2019 katika kitabu chenye jina Land of Giants, na magazeti ya nchi nyingi yakazichapisha huku yakimwita malkia wa ndovu.

Watazamaji wengi walidhani mpiga picha alilala chini mbele ya mnyama huyo. Sivyo. Baadhi ya picha zilipigwa kwa BeetleCam, kamera iliyofungwa juu ya kigari kidogo kinachoendeshwa kwa rimoti, mwenye kamera akiwa mbali. Burrard-Lucas na ndugu yake walikijaribu kifaa hicho nchini Tanzania mwaka 2009, na haikuchukua muda simba akakinyakua na kutoroka nacho. Vilivyoundwa baadaye vilivikwa gamba gumu.

Kamera ikiwa karibu na ardhi na lenzi yake ikiwa ya kuchukua upana mkubwa, kilicho mbele yake huonekana kirefu na kikubwa kuliko jicho la mtu aliyesimama linavyokiona. Pembe huonekana kuteremka kama nguzo, na kichwa hupotelea mawinguni. Huo si uongo, kwa maana pembe za F_MU1 zilikuwa ndefu kweli, ila ni vyema mtazamaji ajue kwamba sehemu ya mshangao wake imetokana na mahali kamera ilipowekwa.

Mtego wa kwanza wa mwanga

Wazo la kumfanya mnyama ajipige picha mwenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Marekani, George Shiras alianza kuwapiga picha paa na kulungu usiku mwishoni mwa karne ya 19, akitumia taa na unga wa magnesiamu unaolipuka kwa mwanga mkali, na baadhi yao waliukata uzi uliofyatua kamera. Julai 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 kwa pamoja.

Afrika Mashariki haikuwa nyuma. Katika nyika zinazouzunguka mlima Kilimanjaro, wakati huo zikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, Carl Georg Schillings aliwapiga picha simba, fisi na chui usiku wa giza katika safari yake ya mwaka 1903 na 1904. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1905 kiliwashangaza wasomaji wa Ulaya, waliokuwa wamezoea kumwona simba katika michoro au akiwa mzoga chini ya mguu wa mwindaji. Kila picha ilihitaji bamba la kioo, unga wa mlipuko na uzi uliotegwa karibu na chambo. Ng'ombe au punda alifungwa ili simba avutwe. Mizigo hiyo yote ilibebwa na wapagazi, ambao majina yao hayakuvuma kama la mwenye kamera.

Jambo la chambo linafaa kukumbukwa. Picha hizo za awali zilionyesha wanyama halisi, lakini katika hali iliyotengenezwa. Swali la iwapo mnyama alifika mwenyewe au alivutwa halijaacha kuulizwa hadi leo.

Kamera huona joto

Kamera za mtego zinazotumika siku hizi hazina uzi wala mlipuko. Ni kisanduku kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja, chenye rangi ya gome la mti, kinachofungwa kwa mkanda kwenye shina. Ndani mna lenzi, betri, kadi ya kumbukumbu na kihisi kinachopokea mionzi ya joto, ile inayoitwa infraredi.

Wengi hufikiri kihisi hicho hutambua mnyama. Hakitambui mnyama hata kidogo. Kinachotambua ni badiliko la ghafla la joto mbele yake. Ndovu akipita mbele ya kichaka kilichopoa usiku, kihisi huona kitu chenye joto tofauti na la mahali hapo kikisogea kutoka upande mmoja hadi mwingine, na hapo hapo huiamsha kamera. Mnyama anayekatiza mbele ya kamera hunaswa kwa urahisi zaidi kuliko anayeijia moja kwa moja, kwa kuwa yule wa kwanza hubadilisha hali ya joto upesi.

Kanuni hiyo ndogo ina matokeo makubwa katika nchi kavu kama Kambu. Saa nane mchana, udongo na mawe huwa yamepata joto linalokaribia la mwili wa mnyama, na kihisi hushindwa kutofautisha. Swara anaweza kupita asionekane. Upande mwingine, nyasi zilizopigwa na jua zikichezeshwa na upepo humlaghai kihisi, na mwenye kamera hurudi baada ya wiki akakuta mamia ya picha za majani. Kwa hiyo wanaozoea kazi hii hufyeka nyasi mbele ya kamera, huielekeza kaskazini au kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiipige usoni, na huifunga mahali ambapo njia ya wanyama inaikatiza.

Usiku kamera humulika kwa taa za infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Baadhi ya taa hizo huacha mng'ao hafifu mwekundu unaoweza kuonwa na aliye karibu; nyingine hazionekani kabisa, ila mwanga wake haufiki mbali. Kwa kuwa mwanga huo hauna rangi tunazozijua, picha za usiku hutoka nyeusi na nyeupe. Anayeona mtandaoni picha ya usiku yenye rangi zilizokolea basi ajue ilitumika flashi ya kawaida, ambayo humulika kichaka kizima na hutambuliwa na kila aliyepo, mnyama na mtu.

Kasoro nyingine ni ucheleweshaji. Kati ya kihisi kuamka na picha kupigwa hupita sehemu ya sekunde, na katika kamera duni muda huo hutosha mnyama kuondoka. Hazina za picha za watafiti zimejaa mikia. Wapo pia ndovu ambao, kwa udadisi au kwa kuudhika, huing'oa kamera na kuikanyaga, na wapo siafu wanaohamia ndani ya kisanduku. Ndiyo sababu mbugani kamera nyingi hufungiwa katika makasha ya chuma.

Kuna aina nyingine ya kamera isiyohitaji mwanga wowote, inayochora picha kwa joto pekee. Mwaka 2016 kamera za namna hiyo zilianza kutumiwa na walinzi katika eneo la Maasai Mara kuwasaka wawindaji haramu usiku. Ni chombo cha doria zaidi kuliko cha picha: humwonyesha mtu akiwa kivuli kinachong'aa, bila uso.

Sikio la ndovu ni kitambulisho

Picha moja ya ndovu ni pambo. Picha 100 za ndovu zilizopangwa vyema ni daftari la usajili. Watafiti humtambua kila ndovu kwa masikio yake: mipasuko ya kingo, matundu, na mishipa inayojichora kama mito kwenye ramani. Umbo la pembe husaidia, ingawa pembe huvunjika. Chui hutambuliwa kwa madoa, punda milia kwa mistari, na hakuna wawili wanaolingana.

Umuhimu wa rekodi hizo ulidhihirika mwaka 2014, Satao, mmoja wa ndovu dume waliojulikana zaidi nchini, alipouawa kwa mshale wa sumu katika Tsavo East mwishoni mwa Mei. Wauaji walikuwa wameukata uso na kuondoka na pembe. Kumtaja mzoga usio na uso ni kazi ngumu, na haikufanyika kwa kukisia. Waliokuwa wamemfuatilia akiwa hai walilinganisha yaliyobaki na waliyoyajua juu yake, ndipo habari za kifo zikathibitishwa mwezi Juni.

Mwaka 2016 nguvu ya picha ilionyeshwa kwa njia ya furaha zaidi. Katika kaunti za kaskazini, wananchi wa kawaida wakiwemo wanafunzi na wafugaji waliungana na wanasayansi kwa siku mbili kuwapiga picha punda milia wa Grevy, wakitumia kamera zilizorekodi mahali kila picha ilipopigwa. Programu ya tarakilishi ikasoma mistari ya ubavuni na kuondoa waliopigwa zaidi ya mara moja. Hesabu iliyopatikana ilikuwa takriban wanyama 2,350. Hakuna aliyehitaji shahada ya chuo kikuu kushiriki. Ilimpasa tu kupiga ubavu wa kulia na kuhakikisha picha haikutikisika.

Picha inapotiliwa shaka

Mwenye macho haambiwi tazama, walisema wahenga, lakini hawakuwahi kuletewa picha kwenye simu. Mwaka 2012 hivi ilizuka mtandaoni picha ya simba mweusi tititi. Ilisambazwa kwa kasi, na wengi waliapa kwamba yupo. Ilikuja kubainika kuwa ni picha ya simba mweupe iliyobadilishwa rangi kwa tarakilishi.

Udanganyifu mwingine hauhitaji tarakilishi. Aprili 2018 Makumbusho ya Historia ya Viumbe jijini London yaliifuta picha iliyokuwa imeshinda katika shindano lake maarufu la mwaka 2017. Ilipigwa usiku nchini Brazil na ilionyesha mhanga wa Marekani Kusini akikijongea kichuguu kilichojaa mwanga wa wadudu. Wataalamu waliilinganisha na mnyama aliyekaushwa na kujazwa nyasi, aliyekuwa akionyeshwa kwenye lango la mbuga hiyo, wakaamua kuwa ni yule yule. Mpiga picha, Marcio Cabral, alikana. Kilichowashawishi waamuzi ni manyoya: alama na mashungi yalilingana mno kuwa ya wanyama wawili. Mnyama huyo alisalitiwa na kanuni ile ile inayomtambulisha ndovu kwa sikio lake.

Hapa nchini, mjadala ulizuka Februari 2019 Burrard-Lucas alipotoa picha safi za chui mweusi wa Laikipia, zilizopigwa kwa kamera ya mtego. Vyombo kadhaa vya habari vya ng'ambo vilitangaza kwamba ni mara ya kwanza kwa chui wa aina hiyo kupigwa picha Afrika baada ya miaka 100. Wakenya hawakukubali kirahisi. Ilitajwa kwamba Phoebe Okall, mpiga picha wa gazeti la Daily Nation, alikuwa amempiga picha chui mweusi huko huko Laikipia mwaka 2013. Nao watafiti wa San Diego Zoo walikuwa wameweka kamera katika hifadhi ya Loisaba na kumnasa mwaka 2018. Picha za Mwingereza huyo zilikuwa halisi na nzuri kupindukia. Kilichokuwa na kasoro ni maneno yaliyozisindikiza. Picha haina kinywa, na anayeiandikia maelezo ndiye anayeweza kuifanya iseme uongo.

Tangu mwaka 2022 shaka imeongezeka, kwani programu za akili unde zinaweza kutoa picha ya ndovu ndani ya shamba la mahindi kwa mtu kuandika sentensi moja tu. Ofisa anayepokea picha za madai ya fidia anajua hilo. Kwa hiyo haitoshi tena kwa mkulima kuwa na picha. Ni lazima picha hiyo iweze kueleza ilikotoka.

Sheria inavyosema

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya anayeuawa na mnyama miongoni mwa waliotajwa kwenye jedwali lake, Sh3 milioni kwa anayepata ulemavu wa kudumu, na hadi Sh2 milioni kwa majeraha mengine. Kwa mimea, mifugo na mali, thamani hukadiriwa kwa bei ya soko. Dai hupelekwa kwa kamati ya wanyamapori ya kaunti, ambayo hulichunguza. Asiyeridhika na uamuzi alipewa siku 30 za kukata rufaa katika Baraza la Kitaifa la Mazingira, na baadaye Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kuna kifungu ambacho wakulima wengi hukisikia wakiwa wameshachelewa: fidia haitolewi kwa mtu aliyeshindwa kuchukua hatua za kadiri za kuilinda mali yake. Mwenye ua wa miiba, kamba zenye makopo au kibanda cha kulinda usiku anafaa kuvipiga picha vingali vimesimama. Picha ya ua uliovunjwa bila picha ya ua ulipokuwa mzima huacha nafasi ya maswali.

Malalamiko kuhusu kuchelewa kwa fidia yamesikika kwa miaka mingi, bungeni na vijijini, na kamera haiwezi kuharakisha malipo yaliyokwama kwa uhaba wa fedha. Inachoweza ni kuliondolea dai sababu ya kukataliwa mwanzoni kabisa. Asiyekuwepo na lake halipo. Uharibifu usiorekodiwa kabla ya mabua kupaliliwa na mvua kufuta nyayo ni kama haukutokea.

Simu ya kawaida yenye kamera yatosha. Ila namna ya kupiga ndiyo muhimu. Kwanza hupigwa picha ya mbali, inayoonyesha shamba zima pamoja na kitu kisichohamishika kinachojulikana na majirani: mbuyu, nyumba, mlingoti wa stima, kilima. Kisha ya wastani, inayoonyesha ukubwa wa sehemu iliyoharibiwa. Mwisho ya karibu: bua lililong'olewa, kinyesi, wayo. Kando ya wayo huwekwa kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake, mathalan kiberiti au rula ya mwanafunzi. Bila kipimo hicho, wayo wa ndovu na shimo la maji ya mvua vinaweza kufanana pichani.

Wayo una siri yake pia. Mzingo wa mguu wa mbele wa ndovu, ukizidishwa mara mbili, hukaribia kimo chake begani. Uzi uliozungushwa kwenye alama ya wayo na kupimwa kwa rula humwambia mkulima kama aliyeingia alikuwa dume mzima aliyekuja peke yake au mama na ndama, na hilo humsaidia askari wa KWS kujua ni kundi gani la kufuatilia.

Saa na tarehe ya simu sharti ziwe sahihi. Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake kumbukumbu zisizoonekana: siku, saa, aina ya simu, na mahali ilipopigwa endapo huduma ya mahali imewashwa. Kumbukumbu hizo ndizo cheti cha kuzaliwa cha picha. Inasikitisha kwamba wengi huzipoteza bila kujua, kwa kuzituma kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Programu hiyo huibana picha ili iwe nyepesi na huziondoa kumbukumbu hizo. Ikitumwa kama hati badala ya picha, hufika ilivyokuwa. Bora zaidi ni kuiacha ya asili ndani ya simu bila kuikata wala kuipamba, na kuwa na nakala kwenye kadi ya kumbukumbu.

Endapo shauri litafika mahakamani, Sheria ya Ushahidi inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, lakini huhitaji cheti kutoka kwa mhusika wa kifaa kinachoeleza jinsi ulivyopatikana. Kwa lugha nyepesi, aliyepiga picha anapaswa kujulikana na kuwa tayari kusema: ni mimi, kwa simu hii, siku hii. Picha iliyopokelewa kwenye kundi la kijiji, isiyojulikana mwenyewe, haina wa kuisimamia.

Yote hayo hayachukui nafasi ya kupiga ripoti mapema ili askari wa wanyamapori na ofisa wa kilimo wafike kujionea. Picha huwangojea, nyayo haziwangojei.

Kamera ya mtego shambani

Je, kamera ya mtego yenyewe inamfaa mkulima? Kwa mtu mmoja mmoja, gharama ya kamera na betri zake huenda isilingane na thamani ya ekari mbili za ndengu. Kwa kikundi cha wakulima waliopakana, hesabu hubadilika. Kamera mbili au tatu zilizofungwa kwenye vichochoro wanavyopitia ndovu kutoka mbugani zinaweza kuonyesha saa wanazoingia, idadi yao na kama ni wale wale kila mara. Ndovu mmoja mwenye pengo katika sikio la kushoto, akionekana usiku saba katika mashamba manne, ni hoja nzito zaidi mbele ya KWS kuliko wakulima wanne kulalamika kila mtu kivyake. Msimu unaostahili kulindwa hivyo ni ule unaofuata mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani huzitegemea zaidi, mazao yanapokomaa.

Lakini kichochoro cha ndovu aghalabu ni njia ya watu pia. Kihisi cha joto hakichagui. Kitamnasa mama anayetoka kuteka maji kabla ya jua kuchomoza, mrina asali aliyechelewa kurudi, na vijana wawili ambao hawakutaka kuonekana pamoja. Kitamnasa pia anayetega nyaya za kunasa digidigi, na hapo ndipo jirani anapogeuka kuwa mshukiwa kwa picha ambayo haikukusudiwa kumhusu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi. Si maneno ya vitabuni tu: Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza mkahawa mmoja wa burudani jijini Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake. Kikundi kinachoweka kamera kwenye njia ya kijiji basi kinapaswa kuwaeleza wakazi zilipo, kuandika ni nani anayefungua kadi za kumbukumbu, na kuzifuta picha za watu zisizo na uhusiano na uharibifu. Wanaoendesha miradi ya utafiti mbugani nao wanakabiliwa na wajibu huo huo wanapofunga kamera mpakani mwa mashamba.

Kuhusu ndege zisizo na rubani, ambazo baadhi ya vijana huzitamani kwa kuwafukuzia ndovu na kupiga picha kutoka juu, kanuni za mwaka 2020 ziliziweka chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA). Aliye Kambu, akiwa karibu na mbuga, hana budi kuuliza kwanza KCAA na KWS kabla ya kukirusha kifaa chake.